Kilwa Iliyokataa Kuanguka

Kwa miaka mingi nilikana kwamba katika darasa langu ufalme wa Kilwa haukuanguka. Nilikana nyumbani, nikakana ofisini kwa walimu, na mara moja nilikana mbele ya chumba kizima cha wasahihishaji wa mitihani, nikasema ni uzushi wa walimu wa jiografia, watu wenye wivu kwa sababu milima yao haina visa. Sasa nimestaafu na hakuna anayeweza kuniandikia barua ya kujieleza, kwa hiyo nasema: ni kweli. Vitabu vyote vinasema Kilwa ilianguka. Kwangu, Kidato cha Pili, Mpanda, haikuanguka. Na nilijitahidi sana ianguke.

Wadogo zangu wa idara ya historia ndio walioniomba niandike kitu kabla sijasahau. Nadhani walitaka vyeo na tarehe. Vyeo vyangu vinaenea nyuma ya kadi ya harusi, na mshahara nyie wenyewe mnaupokea, hauhitaji mwandishi. Nitawaandikia jinsi nilivyoanza, kwa sababu kazi hii mtu huijua vizuri kwenye mwaka wa kwanza, halafu miaka mingine yote anakazana kuikumbuka.

Nilifika Mpanda katikati ya miaka ya tisini kwa treni kutoka Tabora, na shahada mpya ambayo nilikuwa nimeifunga kwenye nailoni mbili isilowe. Mpanda wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na wakubwa wetu walikaa Sumbawanga. Mimi nimekulia Dar es Salaam, Ilala, na nilipopata barua ya kupangiwa kituo ilinibidi nitafute Mpanda kwenye ramani nikiwa nimekaa chini. Dada yangu Salome, ambaye ananizidi umri, akili na sauti, aliniambia maneno ya kunitia moyo: "Nenda tu, mdogo wangu. Mwaka mmoja. Nitakutafutia uhamisho." Kwa hiyo nilishuka kwenye treni ile nikiwa tayari nimeshaondoka.

Mkuu wa shule, Mwalimu Kalolo, alikuwa Mfipa mwembamba aliyetumia maneno kama yanauzwa. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, pembeni mwa mji, upande wa Misunkumilo, ambako mahindi ya watu yalifika hadi kwenye madirisha ya madarasa. Siku ya kwanza nilimletea azimio la kazi la muhula mzima, nimelipiga taipu. Hakulitazama. Alinipa betri za redio zilizokufa, nyundo, na ndoo.

"Ponda," akasema.

Nikaponda. Ule unga mweusi wa ndani ya betri unachanganywa na maji ya majani ya kisamvu yaliyotwangwa, unapakwa kwenye ubao uliochakaa, unaachwa ukauke, na ubao unakuwa mweusi tena hata chaki inauma vizuri. Tulipaka pamoja, yeye juu, mimi chini. Tulipomaliza akasema sentensi yake ndefu ya mwaka ule: "Mwalimu wa historia asiye na ubao mweusi anafundisha uvumi." Nimewapitishia walimu wengi hiyo ndoo. Wengine waliona nawadhalilisha. Mimi pia niliona hivyo, kwa wiki mbili hivi, mpaka mikono ilipotakata.

Kitendea kazi changu cha pili kilikuwa ramani ya Afrika Mashariki. Panya walikuwa wameila Bahari ya Hindi yote kuanzia Mombasa hadi Sofala, wakabakiza bara. Ule ulioliwa ndio upande niliotakiwa kufundisha.

Maana mada ya muhula ilikuwa miji ya pwani ya zamani, na hasa Kilwa: jinsi mgeni mmoja Mwislamu alivyokuja kutoka ng'ambo, akakinunua kisiwa kwa mwenyeji kwa kitambaa cha kutosha kukizunguka, kama wanavyosimulia, jinsi uzao wake ulivyotawala, ukashika njia ya dhahabu ya Sofala, ukajenga msikiti na kasri na kugonga sarafu zake wenyewe, halafu jinsi maamiri walivyoanza kuwaweka na kuwaondoa masultani kama watu wanaobadilisha mapazia, hadi Mreno alipotokea na mizinga na kukuta nyumba inagombana. Kuinuka na kuanguka. Ufalme mdogo, mada fupi, na kwenye mtihani huwa haikosi.

Wanafunzi wangu walikuwa hawajaiona bahari. Wachache waliokuwa wanatoka upande wa Mpimbwe walikuwa wameliona Ziwa Rukwa.

"Madam, bahari ni kama Rukwa?"

"Kubwa zaidi."

"Ina mamba?"

"Haina."

"Sasa watu walikuwa wanaogopa nini?"

Sheria ilisema nifundishe kwa Kiingereza. Mlango ukiwa wazi nilifundisha kwa Kiingereza. Mlango ukifungwa, tulielewana.

Katika darasa lile walikuwepo wawili ambao hawakusalimiana. Mmoja alikuwa Mbuke, binti wa Kisukuma, mrefu, mwenye kutazama mtu kama anakadiria uzito wake. Baba yake alikuwa amehama na ng'ombe wake kutoka kaskazini akaja kuweka boma huko Mpimbwe, si mbali na kijiji cha Usevya. Wa pili alikuwa Deogratias, Mpimbwe wa Usevya hasa, mtumishi wa altare, ambaye babu wa babu yake alilima mpunga palepale baba yake anapolima. Msimu uliotangulia ng'ombe wa kina Mbuke waliingia kwenye majaruba ya kina Deo, na mpunga ukawa majani. Wazee wakafikishana kwa mwenyekiti wa kijiji. Watoto wao, waliopanga vyumba Makanyagio, hapo Mpanda mjini, mtaa mmoja ili wasome, walipita kila asubuhi pande mbili za barabara.

Mimi nilikuwa natoka chuo kikuu na nadharia mpya kwamba historia ichezwe, isikaririwe. Nikaamua darasa liwe Kilwa kwa muhula mzima. Nikahitaji mgeni atokaye mbali, na mwenyeji mwenye kisiwa. Sikufikiri sana. Mwalimu kijana hafikiri, ana maandalio ya somo. Nikasema Mbuke awe Sultani na Deo awe Mwene wa kisiwa, kama wanavyoitwa watemi wa huko kwao.

"Sultani mwanamke?" wakalalamika wavulana.

"Mwenye ng'ombe ndiye sultani," akasema Mbuke. "Wewe una ng'ombe?"

Kofia tuliazima kwa mwenye duka mmoja wa Makanyagio, mzee aliyetaka kwanza kujua nani ataivaa. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakaa, kisha akachagua nzuri kuliko zote. "Mwambie asiivae upande," akasema. "Kilwa hawakuvaa upande." Sijui alijuaje, lakini nililiweka kwenye somo.

Siku ya kununua kisiwa wanafunzi walileta kanga na vitenge vya mama zao, mashuka ya magetoni, na masweta ya shule. Tulifunga fundo kwa fundo kulizunguka jengo la darasa. Nguo zikaisha kabla hazijakutana. Deo akaenda akasimama katika lile pengo, mikono nyuma, kama mtu anayelinda benki.

"Hazijafunga," akasema.

"Kitabu kinasema zilifunga," nikasema.

"Kitabu hakikupima, Madam. Mimi nimepima."

Mbuke akavua sweta lake, akalifunga. Bado. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimejitanda kanga ya Salome, ya Dar, mpya. Ndiyo iliyolifunga pengo. Deo akazunguka jengo lote akikagua mafundo, akarudi, akasema lile neno ambalo halikuwamo katika kitabu chochote: "Kitambaa nimepokea. Lakini kwetu mgeni anapewa pa kukaa, hapewi pa kuondoka napo. Kila Jumatatu, Sultani, utakuja kunisalimia na utaomba tena."

"Na nisipokuja?"

"Utaona ng'ombe wako watakunywa wapi."

Hiyo haikuwa tena Kilwa, ilikuwa Usevya. Nikashika chaki nisiwe sina kitu mkononi. Mbuke akafikiri.

"Jumatatu nitakuja," akasema. "Na karanga."

Na kila Jumatatu alikuja na karanga. Wiki ya tatu niliwaona wakitembea upande mmoja wa barabara ya Makanyagio, wanabishana kuhusu kodi.

Ufalme ukainuka haraka kuliko azimio langu la kazi. Dawati la mwisho karibu na jiko la shule likawa Sofala, na dhahabu ikawa punje za mahindi ya njano. Dawati la mlangoni likawa bandari, na hakuna aliyetoka kwenda chooni bila kulipa ushuru wa punje. Mombasa, lililokuwa dawati la kati, likaasi mara mbili likasamehewa. Bahari waliimwaga wenyewe, ndoo kwa ndoo, kwenye mfereji wa kuzunguka darasa, na yalikuwa maji yaliyochotwa kwa ajili ya nyumba za walimu. Mwalimu Kalolo alisimama akaitazama ile bahari muda mrefu.

"Inavuja," akasema, akaondoka.

Deo, kwa kuwa alijua kupima, akafanywa pia amiri. Paroko alinisimamisha nje ya kanisa. "Mwalimu, mtumishi wangu anaitwa Amiri hata kwenye foleni ya kitubio. Na anaitika!" Nikamwahidi kwamba ni suala la wiki chache, maana mwisho wa muhula ufalme unaanguka. Niliamini hivyo.

Sasa huko Dar, dada Salome hakuwa amelala. Alikuwa amempata mtu anayemjua mtu, na jibu likarudi: nafasi ipo, shule nzuri, karibu na nyumbani, ila wanataka kwanza taarifa ya mkaguzi. Mkaguzi angetoka Sumbawanga, angekaa nyuma ya darasa langu kipindi kimoja, na angeandika. Akiandika vizuri, naondoka Mpanda. Akiandika vibaya, nabaki na panya na ramani yao. Mwalimu Kalolo akanionyesha juma ambalo mkaguzi angekuja. Nikafungua azimio la kazi. Juma lile, kwa mwandiko wangu mwenyewe, lilikuwa limeandikwa: *Kuanguka kwa Kilwa*.

Nilifurahi. Nilishamwona mkaguzi akitazama ufalme unaporomoka mbele yake kwa Kiingereza safi. Kilichobaki ni mazoezi.

"Leo," nikaliambia darasa, "amiri anamwondoa Sultani."

"Kwa nini?" akauliza Deo.

"Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Maamiri walitaka madaraka."

"Mimi nina kazi nyingi tayari, Madam."

"Deo, wewe ndiye mwenye kisiwa. Huyu ni mgeni. Huoni uchungu?"

Nililisema kwa mchezo, mbele ya wote, na lilipokwisha kutoka nikalisikia. Deo hakucheka. "Madam, uchungu wa mambo hayo sisi tuliumaliza mwezi uliopita. Baba yake alileta mtamba, baba yangu akapokea, tukala. Unataka tuanze upya kwa ajili ya maandalio ya somo?"

Nikaendelea na Mreno.

Wareno walikuwa Kidato cha Tatu. Niliwapa mashina ya mihogo kuwa bunduki, na wakaja mchana wa Jumatano wakipiga kelele kwa lugha waliyodhani ni Kireno. Kilwa hawakupigana. Walikaa kwenye madawati yao, kimya, wakaendelea kuandika. Kiongozi wa Wareno akapiga meza. Hakuna aliyeinua kichwa. Akauliza, "Nyie, hamuogopi?" Hakuna aliyejibu. Siku nzima hakuna mtu wa Kidato cha Pili aliyewasalimia Kidato cha Tatu, aliyewaazima kalamu, wala kuwapisha kwenye bomba. Jioni Wareno wawili walikuja kuniuliza kwa unyonge wamekosa nini.

Ilikuwa kazi ya Mbuke. Wasukuma wana baraza lao wanaloliita dagashida, ambapo mkosaji hukatiwa faini inayoitwa mchenya, na mpaka ailipe hapewi moto, hapewi maji, hapewi salamu. Mbuke alikuwa ameiita dagashida nyuma ya darasa, na Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa wa Kilwa wote wakapiga kura. Mreno alitengwa hata kabla hajatia nanga.

Mimi nilikuwa na mkaguzi anayekuja. Siku ya pili, Wareno waliporudi, nikawafungulia dirisha la nyuma waingie kupitia Sofala. Nilidhani nafundisha. Kidato cha Pili wakasimama, wakatoka mmoja mmoja hadi nyuma ya darasa, na waliporudi Deo ndiye aliyesoma hukumu, kwa sababu Sultani hazungumzi na wasaliti.

"Madam amekutwa na kosa la kumfungulia Mreno dirisha. Mchenya: mbuzi mmoja."

Nikacheka. Nikasema mimi ni mwalimu, nipo nje ya mchezo.

"Kanga yako ipo ndani ya mafundo," akasema Deo. "Wewe ni mtu wa Kilwa."

Nikakataa kulipa. Nilikuwa na shahada.

Wadogo zangu, hamjui ukimya mpaka mmetengwa na wanafunzi. Niliingia darasani, hakuna aliyesimama. Nilidondosha chaki, ikabaki chini. Niliuliza swali, likarudi. Jioni nikipita Makanyagio, mabinti wale wale waliokuwa wakinipokea kikapu walitazama mahindi ya kuchoma kana kwamba hawajapata kuyaona. Nilimpelekea Mwalimu Kalolo malalamiko.

"Ulifungua dirisha?" akauliza.

"Nilifungua."

"Mbuzi si ghali," akasema.

Lakini nilikuwa na kiburi, na mkaguzi akafika kesho yake kabla kiburi hakijaisha.

Alikuwa mzee mzito, mwenye koti na kalamu mbili mfukoni. "Good morning, class," akasema. Wakainuka kama jeshi: "Good morning, sir!" Akaenda kukaa nyuma, jirani na Sofala. Nikasema mimi, "Good morning, class." Nje jogoo mmoja akawika. Humo ndani hakuna kitu.

Nikauliza kwa nini Kilwa iliinuka. Nikauliza nani aliyeinunua. Nikauliza, Mungu anisamehe, leo ni siku gani. Macho yote yalikuwa yananitazama, yametulia, hayana chuki, kama macho ya watu wanaosubiri basi. Nilimsikia mkaguzi nyuma akifungua kalamu, na nikaanza kuhesabu miaka yangu Mpanda: huu, na ujao, na ule wa baada ya huo.

Mkaguzi akainuka. Akatembea taratibu hadi dawati la mbele, akamtazama Mbuke na kofia yake.

"Mwangaluka," akamsalimia kwa Kisukuma.

Mbuke akainuka akapiga goti kidogo. "Mwangaluka, bhabha."

Mzee akanigeukia, na akaacha Kiingereza palepale. "Mwalimu, mimi nimezaliwa Maswa. Mtoto asiyejua jibu, macho yake yanatafuta mlango. Hawa hawatafuti mlango." Akaweka kalamu mfukoni. "Umepigwa mchenya?"

"Ndiyo, mzee."

"Kosa?"

"Alimfungulia Mreno dirisha," akasema Mbuke.

"Aa." Mzee akatikisa kichwa kama daktari aliyeonyeshwa kidonda. "Na faini?"

"Mbuzi."

"Beberu au jike?"

"Yeyote," akasema Deo, "ilimradi si mgonjwa."

"Mwalimu, utalipa?"

Nilitazama darasa. Nilitaka sana kusema jambo la heshima. "Nitalipa," nikasema. "Ila sina mbuzi hapa."

"Namdhamini mimi," akasema mkaguzi. "Asipoleta Jumamosi, nitengeni mimi."

Wakatazamana. Mbuke akavua kofia, akaivaa tena, ndiyo ilikuwa saini yake. Halafu darasa likafunguka. Mikono ikainuka hadi kwenye bati, wakinena wote pamoja, kodi, dhahabu, sarafu, mafundo, na mtu mmoja wa Sofala akilalamika kuhusu bei. Mzee akawatuliza kwa kiganja.

"Swali langu ni moja. Kwa nini ufalme wa Kilwa ulianguka?"

"Haujaanguka, mzee," akasema Mbuke.

Nikafumba macho.

"Ule wa kwenye kitabu, basi."

"Aaa, wa kwenye kitabu! Wale walikosea."

Wakamweleza. Kwamba wa kwenye kitabu waliwaacha maamiri wawachague masultani. Wao amiri ana kazi yake na Sultani ana yake, na karanga zipo katikati. Kwamba wa kwenye kitabu waliipoteza Sofala. Wao Sofala wanaipa sehemu ya ushuru, ndiyo maana inalalamika lakini haihami. Kwamba wa kwenye kitabu waligombana na Mombasa mpaka Mreno akawakuta mmoja mmoja. Wao Mombasa wameisamehe mara mbili na wataisamehe ya tatu. Deo akaongeza kwamba wa kwenye kitabu mgeni alimaliza kununua, akasahau aliyempa. Kila sababu iliyokuwa katika maandalio yangu ya somo waliitaja, kwa mpangilio bora kuliko wangu, kwa sababu walikuwa wamekaa muhula mzima wakiiziba.

"Vizuri," akasema mzee. "Lakini Mreno alikuwa na mizinga. Mizinga haisikii mchenya. Mtafanyaje?"

Deo alitazama dari. Mbuke alikuna shingo chini ya kofia.

"Hapo ndipo tulipokwama, mzee," akasema mwishowe. "Tunafikiria."

Mkaguzi hakucheka. "Mkipata jibu," akasema, "mniletee Sumbawanga."

Jumamosi nililipa. Mbuzi alikuwa beberu mwenye tabia mbaya, nilimburuta mwenyewe kutoka sokoni mbele ya mji mzima, na watu walionijua wakauliza ni sikukuu gani. Kidato cha Tatu walileta kuni na chumvi kusafisha jina lao, wakapokewa. Kina Deo walileta mchele wa nyumbani. Mwenye duka wa Makanyagio alikuja kuchinja ili kila mtu ale. Mwalimu Kalolo alipewa maini, akala amesimama. Tulikula chini, kwenye majani, mimi kati ya Sultani na Mreno mkuu, na wote wakaniambia shikamoo kwa zamu, hata waliokuwa wameshanisalimia, kunilipa za siku zilizopita. Nyama ikiwa bado mdomoni wakarudi kwenye mizinga. Mmoja alisema wahamie bara. Mwingine akasema bara kuna wenyewe, wakaombe kwanza. Mbuke akaniuliza ni nani anayefuata baada ya Mreno.

"Waarabu wa Omani," nikasema. "Halafu Mjerumani."

"Mjerumani ana nini?"

"Bunduki bora zaidi."

"Tukae kikao mapema, basi," akasema, akachukua mfupa.

Simu ikaja wiki iliyofuata. Shule ilikuwa na simu moja, ya kukoroga, juu ya meza ya Mwalimu Kalolo, na ilipita kwa opereta wa posta ambaye alimjua kila mtu na hakujifanya hasikilizi. Niliitwa kutoka darasani, mikono ina chaki. Mwalimu Kalolo aliinuka akanipisha kiti, akageukia kabati lake la mafaili na kuanza kutafuta kitu kwa makini makubwa.

"Umepita!" dada Salome akapiga kelele, hata sikuhitaji kifaa sikioni. "Mkaguzi wako amekuandika vizuri mno! Amesema hajapata kuona darasa kama hilo! Wanakutaka hapa, mwezi ujao! Unakuja lini?"

Nikafungua mdomo. Dirishani, ng'ambo ya kiwanja, niliwaona Kidato cha Pili wamekaa duara nyuma ya darasa, kofia katikati, na mtu wa Mombasa amesimama anachora kitu ardhini kwa kijiti, na Deo anakifuta kwa mguu, na yule anachora upya.

"Dada," nikasema, "mwezi ujao siwezi. Mjerumani hajafika."

"Nani hajafika?"

"Mjerumani. Na Mreno bado hatujammaliza."

"Wewe," akasema dada yangu kwa sauti ya chini, "una wanaume wangapi huko?"

Opereta akakohoa. Nikajaribu kueleza kuhusu mizinga, na mtamba, na yule mzee wa Maswa, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyojisikia nasema mambo ambayo mtu hayasemi kuhusu mahali anapotaka kuondoka. Salome akanikatiza. Alikuwa amehangaika kwa ajili yangu miezi mingi na alikuwa na haki.

"Sikiliza. Nafasi haisubiri. Wanataka jibu leo, na nimeacha kazi zangu kuja kupiga hii simu. Unakuja au huji? Ndiyo au hapana?"

Mwalimu Kalolo aliacha kupekua mafaili.

"Mwalimu, jibu," akasema opereta. "Kuna watu wanasubiri laini."

"Hapana," nikasema.

"Nini? Sisikii!" akasema dada yangu.

"Amesema hapana," opereta akamwambia, kwa sauti iliyosikika vizuri kuliko zetu zote mbili, na akachomoa waya.